Msumari Mmoja

Mkataba niliuandika mwenyewe, kwa mkono,
na kifungu cha tatu hakina tafsiri mbili:
ukutani msumari marufuku.
Plasta ile aliipiga marehemu Kibwana,
akailainisha kwa kiganja kama anayebembeleza mtoto.
Sikupangisha chumba cha uani, Barabara ya Kumi na Mbili,
ili watu wanitobolee kazi ya mume.

Akaja Ligaya.
Mfilipino, mchomeleaji wa mabomba kule Chongoleani,
mikono ina vidoa vya cheche kama ya mkaanga vitumbua.
Kodi hulipa kabla sijadai.
Kiswahili chake kinatoka vipande vipande,
kila kipande na bei yake, maana alikisomea sokoni.

Mwezi wa tisa — wa tisa, jamani! —
nikamkuta kachuchumaa mlangoni
anachambua ufagio wangu wa chelewa.
"Bi Zuwena, mimi tengeneza nyota."
Kwao, anasema, Krismasi huanza Septemba.
Nikamwambia hata Ramadhani, na heshima zake zote,
haijapata kubisha hodi miezi minne kabla.
Akacheka. Ufagio hakurudisha.

Watoto wa jirani wakamuuzia karatasi za tiara,
nyekundu, na ile ya manjano iliyopauka.
Gundi akaipika kwa unga wa muhogo,
ikaungua, akapika tena.

Desemba, Shekalaghe akaingia uani na baiskeli
kafunga mlingoti wa mkonge kutoka Pongwe,
mkavu, matawi yamekaa kama visahani vinavyosubiri kahawa.
Baba yangu alikata mkonge miaka thelathini,
na mkonge nao ukamkata yeye,
wala siku moja hakuleta mlingoti nyumbani kwa ajili ya uzuri.
Kwetu ulikuwa ukuta wa banda la mbuzi.
Ligaya akausimamisha kwenye ndoo ya rangi iliyojaa mchanga,
akautundika machungwa ya Muheza na vifuniko vya soda.
Mti ukaingia; ikabidi kiti kitoke.

Nami nikajitia ujuzi.
Nikapasua mto wa zamani, nikamletea sufi:
"Hii weka juu, iwe theluji." Nimeona kwenye televisheni.
Akaitazama, akanitazama.
"Bi Zuwena, kwetu joto. Theluji mimi sijaona."
Tukasimama pale, wanawake wawili wa jasho,
sufi imetujaa mikononi.
Nikairudisha kwenye mto.

Nyota ilikuwa pana kama sinia
na haikuwa na pa kukaa.
Dirishani haikutosha, juu ya mlingoti ikapinda.
Msumari hakuomba.
Hilo ndilo lililonichoma: hakuomba.
Kifungu cha tatu alikielewa kuliko wapangaji wote
niliowahi kugombana nao kwa Kiswahili fasaha.

Tarehe ishirini na nne, saa moja usiku,
Magharibi nimeshaswali, Isha bado,
kwao ikagonga saa sita.
Simu ikajaa kelele za watoto, na sufuria, na mama mtu mzima
aliyesogeza uso mpaka likabaki jicho tu.
Lugha yao siijui,
lakini swali la mama linajulikana: iko wapi?
Ligaya ameketi kitandani, nyota mapajani
kama mtoto mwenye homa.

Nikaenda sebuleni kwangu.
Nikaishusha kalenda ya mwaka juzi,
nikachukua koleo, nikaung'oa
msumari pekee aliowahi kuupiga Kibwana katika nyumba hii.
Nikaugongelea kwake kwa mchi wa kinu.
Plasta ikamwagika kidogo, kama unga.
Hakuna aliyekufa.

Simu ikapiga yowe.
Balbu ndani ya karatasi za tiara ikawaka,
ukuta wa marehemu ukawa mwekundu na manjano iliyopauka,
na mama yule, kutoka huko kwake, akanipungia mkono.
Nikampungia. Ningefanyaje?

Sebuleni limebaki tundu.
Kidole cha shahada kinaingia mpaka kwenye kucha.
Kalenda nimeiegemeza chini, juu ya mkeka,
na tundu sijaliziba.